Maelezo ya Aziz Othmani kuhusu komputa ya barua iliyoungua stoo, eneo la Mpemba

Kituo cha Polisi Tunduma, Ijumaa tarehe 20 Juni 2025

Jina: Aziz Othmani. Umri: miaka 43. Dini: Mwislamu. Elimu: darasa la nne. Kazi: mpakiaji mizigo. Makazi: stoo ya Bw. Abdulswamad, eneo la Mpemba. Kwetu ni Nachingwea.

Nimeonywa kusema kweli, nami nasema.

Mnamo Jumatatu tarehe 14 Aprili 2025, saa nne asubuhi, nilikuwa ofisini kwa bosi wangu, Abdulswamad, anayesafirisha mizigo kwenda Zambia. Nilikuwa nasogeza meza. Fundi wa komputa, Lwitiko, alileta programu huria mbili ili bosi achague moja. Alisema zote hazina malipo ya kila mwezi. Ya kwanza ilikuwa ya barua pepe tu. Ya pili ilikuwa ya barua pamoja na kalenda ya ofisi nzima.

Bosi akasema, "Kalenda ninayo ukutani, nimepewa bure na duka la simenti."

Karani wetu, Restuta, akamjibu, "Bosi, hiyo ya ukutani inakukumbusha nini? Juzi lori limelala hapa siku mbili kwa karatasi iliyosahaulika."

Lwitiko akaongeza kwamba ya pili huacha nakala kwenye simu ya kila mmoja, hata komputa ikizimika. Bosi akakubali hiyo. Akakataa kuiweka kwenye mitambo ya kukodi ya kampuni nyingine. Alisema, "Barua zangu zilale kwangu." Ofisi ina mlango wa mbao, stoo ina mlango wa chuma. Komputa yenye programu hiyo ikawekwa stoo, na betri yake, karibu na mkeka wangu.

Kazi yangu ikaongezeka. Umeme ukikatika, niwashe betri. Restuta alinifundisha kuandika kwenye kalenda ya komputa malori yanayofika. Nilifurahi, sikatai. Lakini kila Ijumaa bosi akienda msikitini alinifungia kwa nje, kufuli kubwa, na ufunguo akaondoka nao. Nilimwambia, "Bosi, hata mimi ninaswali." Akacheka. "Wewe Aziz ni mlinzi wa barua. Utaswali humo humo." Kitambulisho changu anacho yeye tangu nilipoajiriwa. Sikuwa na pa kwenda.

Mnamo Ijumaa tarehe 13 Juni, saa sita na nusu mchana, alinifungia. Kama saa saba, betri ilianza kutoa moshi. Nilipiga mlango kwa nondo. Nje malori yalikuwa yananguruma, hakuna aliyesikia. Simu yangu ilikuwa ofisini inachajiwa. Nikafunga shati usoni, nikaandika kwenye kalenda: "Moshi. Nimefungiwa. Aziz." Nikalala kifudifudi, mdomo kwenye upenyo chini ya mlango. Niliwaza kwamba kwetu wataambiwa niliugua.

Restuta alikuwa ofisini anakula. Simu yake ililia ikionyesha niliyoandika, akaja na dereva wa lori mwenye mtaimbo, wakavunja kufuli. Komputa iliungua yote.

Bosi aliporudi hakuniuliza hali. Alisema, "Umenichomea mashine." Kisha akanivuta pembeni. "Polisi wakiuliza, ufunguo ulikuwa nao wewe. Kilichoandikwa kimeungua. Ukibisha, kitambulisho hukioni, na Nachingwea utaisikia redioni."

Siku saba nimebeba maneno hayo. Leo asubuhi nilikuja hapa nikiwa na nia ya kusema alivyotaka. Nimeshindwa. Ufunguo sikuwa nao. Sijawahi kuwa nao.

Niliyoyaona na yaliyonipata ni hayo. Nimesomewa, ni sawa.

Sahihi: A. Othmani

Maandishi ya askari: Nimeandika maelezo haya kuanzia saa 5:50 hadi saa 7:05 mchana. Simu ya Restuta, aliyoikabidhi jana kama kielelezo, ilikuwa mezani. Saa 6:30 ililia yenyewe, ukumbusho wa ile kalenda ya ofisi. Kwenye kioo nilisoma: "Funga stoo. Aziz abaki ndani. Kila Ijumaa. Mwandishi: Abdulswamad." Shahidi aliposikia mlio aliinuka, akaenda mlangoni, akazungusha kitasa. Mlango ulifunguka. Akarudi kukaa, na akaomba ubaki wazi. Tumeendelea ukiwa wazi.

Koplo Samwel