Meza Niliyokuzuilia

Muheza, Jumatatu jioni

Mdogo wangu Yona,

Tangu tukuzike nimeandika shajara yangu kama kawaida: mvua, bei ya machungwa, nani kaja kutoa pole. Habari yako nimeshindwa kuiandika humo. Afadhali nikuandikie mwenyewe.

Ulipolala kitandani kule kwa Mwanaisha, uliagiza kwamba unataka Chakula cha Bwana. Kanisa lilikuwa limekutenga kwa kuishi naye bila ndoa. Yeye Mwislamu, wewe Mkristo, na wakubwa wa pande zote mbili walikataa msioane. Mchungaji akatuuliza sisi wazee wa kanisa. Wenzangu wakanitazama mimi, dada yako. Nikasema utaratibu ufuatwe: kwanza asimame mbele ya usharika, atubu. Nilisema asimame, Yona. Na asubuhi ileile mimi ndiye niliyekugeuza ubavu, maana mwenyewe hukuweza.

Mchungaji akasema tungoje kikao kingine. Hukukingoja.

Msibani watu walinisifu: "Mama huyu hana upendeleo, hata kwa ndugu yake." Nikaitikia kwa kichwa. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Nilifurahi, kidogo, mbele ya jeneza lako.

Ulinijua tangu tuko Chumbageni, nikikukagua kucha kabla ya shule ya Jumapili. "Dada, wewe ukifika mbinguni utamwuliza Petro hizo funguo kapewa na nani." Nilikufinya sikio. Siku hizi nacheka peke yangu jikoni, halafu kicheko kinanishinda kukimaliza.

Baada ya matanga ilifika zamu yangu ya kuongoza sala ya toba. Nimeiongoza miaka mingi, na kila mara nikiwawaza fulani na fulani waliokaa nyuma. Safari hii, nilipofika mahali pa kusema mimi ni mwenye dhambi, sauti ilikatika. Nikashuka, nikaenda kukaa benchi la mwisho, lile la waliotengwa. Bibi Debora, aliyewekwa pale kwa kuuza pombe ya mnazi, akavuta kanga yake. "Sogea, mwanangu. Hapa hatujai."

Basi nikajipangia adhabu. Unanijua. Nitakaa pale mpaka Krismasi, nitafunga kila Ijumaa, nitafagia kanisa, ndipo nistahili kurudi. Nikampelekea mchungaji mpango wangu, umeandikwa vizuri. Akausoma, akanirudishia. "Mama, umejihukumu mwenyewe, umejifunga mwenyewe, na kujifungua unataka ujifungue mwenyewe. Kristo umemwachia kazi gani?"

Nilikasirika. Nilirudi nyumbani nikapiga deki nyumba iliyokwisha kupigwa deki. Kisha nikaketi palepale kwenye sakafu mbichi, aibu ikanishika upya. Hata katika kutubu nilikuwa natafuta maksi. Miaka yote nimegawa nafasi za karamu ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuiendea na njaa.

Jana nilikwenda mezani. Sikuwa na mpango wowote. Nilinyoosha mikono. Sikujisikia msafi hata kidogo, nikapewa hivyohivyo.

Kwako siwezi kurudisha kitu. Naamini tu kwamba Yule uliyemwomba mkate hakungoja kikao chetu.

Pumzika, mdogo wangu. Kesho nakwenda kwa Mwanaisha. Yeye ndiye aliyekulisha uji kwa kijiko, yeye ndiye aliyenituma nikamwite mchungaji, na siku ya maziko nilimwacha asimame mbali na kaburi kama mpita njia. Sitabeba unga wala sukari, asije akadhani nimekuja kulipa. Nitapiga hodi, nitamwita wifi, neno ambalo hukuwahi kulisikia kinywani mwangu, na nitamwomba msamaha. Nakuahidi hilo. Akinifungia mlango, ana haki. Akinifungulia, nitakuwa sijastahili, nami nitaingia.

Dada yako,
Raheli