Kipa Aliyedharau Sifuri

Jumatatu, 13 Januari
Nimefeli hesabu tena! Na shuleni kwetu aliyefeli hagusi barafu. Mtihani wa marudio Ijumaa mchana, mechi ya hoki ya barafuni Ijumaa hiyo hiyo jioni. Na kipa ni mimi! Kipa wa akiba, Maren, hajawahi kucheza hata dakika moja. Sasa nani amejitolea kunifundisha? Maren huyo huyo. Mh.

Jumanne, 14 Januari
Jikoni kwetu, na kakao. Swali: 3x² − 12x = 0. Maren akasema nitafute kilichomo kote kote, nikitoe nje ya mabano. Nikaona huko ni kuzunguka — nikagawanya kila kitu kwa 3x. Ikabaki x = 4. Safi!

Maren akacheka hadi kakao ikamwagika. Akaandika 3x(x − 4) = 0. Ama 3x ni sifuri, ama x − 4 ni sifuri. Majibu mawili: 0 na 4. Moja nimelitupa. Nikamwambia sifuri nayo ni jibu, bwana?
“Kipa gani wewe unadharau sifuri?”
Nilikasirika, halafu nikacheka.

Jumatano, 15 Januari
Nimegawanya tena kwa x. Mkono hausikii! Maren: “Unajuaje hiyo x si sifuri? Utagawanyaje kwa sifuri?” Nikachukua kifutio. Kumbe!

Alhamisi, 16 Januari
5x² = 20x. Nimehamishia yote upande mmoja kwanza. 5x nje. 0 na 4! Nimerukaruka jikoni kote. Nikamuuliza Maren kwa nini ananisaidia, maana nikifeli anacheza yeye.
“Acha maneno, Solveig. Fanya linalofuata.”

Ijumaa, 17 Januari
NIMEFAULU! Mwalimu amesahihisha papo hapo.

Sasa niko chumba cha kubadilishia nguo. Bibi yake Maren yuko jukwaani, kaja toka mji wa mbali, Bemidji, kwenye theluji yote hii, na blanketi na tarumbeta. Eti Jumatatu Maren alimpigia simu kuwa safari hii anacheza. Kumbe alidhani nitafeli tena! Kila mtu alidhani hivyo. Na bado akanifundisha, mjinga huyu. Ananifunga kamba za vikinga miguu, anapiga mluzi.

Nataka kucheza. Nataka mno!

Kocha ameingia, anauliza kama kipa yuko tayari. Nimesema tumbo linanivuruga, acheze Maren. Amekunja uso, ametoka kumwita nesi. Maren ameacha kamba. Amesema kwa sauti ya chini, “Solveig, usithubutu.” Lakini macho yake yako kwenye kofia yangu ya kipa.