Maji Moto Waliopita Kwenye Kamba Yako

Mke wangu mpenzi, Mwanahawa,

Wadudu wametoka. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama ninakula. Ninakula. Leo asubuhi nimefungua kopo la sukari, na ndani kulikuwa na sukari tu.

Barua hii naiandika wazi hapa gazetini, maana wasomaji wangu wamezoea kuniona nikigombana na mtu. Safari hii nimegombana na wadudu, na dada yako, na wewe pia kidogo.

Unakumbuka tulivyolipata trela? Wakandarasi wa gesi walikuwa wameondoka, vitu vyao vikapigwa mnada mjini: majenereta, viti vya ofisi, na hilo trela la kulala, lenye kitanda, jiko na sinki ndani, matairi hayana upepo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwahutubia watu kuhusu wageni wanaokuja kuchota na kutuachia makopo. Wewe ulikuwa umeshaingia ndani. Ulichungulia dirishani ukasema, "Baba Salma, ukimaliza hotuba, njoo ujaribu kitanda." Watu walicheka mpaka dalali akasahau bei aliyofikia.

Tulilivuta kwa trekta hadi huku Msimbati, kwenye shamba la mikorosho la mama yako, tukaliegesha chini ya mkorosho mkubwa unaotazama ghuba. Uliliita behewa. Nikakwambia behewa ni la treni, na huku hakuna treni. "Ndiyo maana halitaondoka," ukasema.

Sasa, shamba ni la ukoo wenu, upande wa mama, kama ilivyo kwenu Wamakonde. Ulipofariki lilibaki kwa dada yako Somoe, na mimi nikabaki na nyumba ya magurudumu kwenye ardhi ya watu. Nimeandika makala nyingi juu ya haki za wajane. Sikuwahi kuwaza habari za mgane. Baada ya arobaini nilisubiri nifukuzwe. Somoe akaja na muhogo wa kuchemsha, akaketi kwenye ngazi ya trela.

"Kaa, shemeji," akasema. "Lakini maji moto wangu usiwaguse. Siku nikisikia harufu ya dawa hapa, unalifunga trela lako kwenye trekta, unakwenda nalo."

Kwa msomaji wa mbali: maji moto ni wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mkorosho kuwa viota, na wakikuuma utajua jina lao limetoka wapi. Wanawinda mbu wa mikorosho, wale wanaofyonza machipukizi mpaka yanakauka. Mimi mwenyewe niliwahi kuwatetea gazetini kwa ukali mkubwa. Ilikuwa rahisi, nilikuwa naishi mbali nao.

Mvua zilipoanza wakahamia ndani. Nikawakuta kitandani, ndani ya viatu, kwenye mswaki. Mmoja aliniuma kope nikisoma. Sisimizi wadogo weusi nao wakaona mlango uko wazi, wakashika upande wa sukari. Nikaenda mjini, Chikongola, kwa muuza dawa za wadudu. "Puliza mara moja tu, mzee," akaniambia. "Wanakufa ukoo mzima." Nilimpa somo refu kuhusu sumu, na kuhusu nchi inayotaka kila shida iishe kwa bomba la kupulizia. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Kwa hiyo hununui?"

Chupa ilikuwa mkononi mwangu, Mwanahawa. Nilifikiria kope langu, nikafikiria trekta, nikairudisha.

Basi nikaanza vita bila sumu. Nilisugua makabati kwa siki na sabuni, chakula nikakifungia kwenye ndoo zenye mifuniko, makombo nikayazika mbali, upenyo wa bomba la sinki nikauziba. Wale weusi wakakata tamaa, wakahama. Maji moto hawakujali. Wao walikuwa na hamu ya nyama, na nyama nilikuwa mimi. Somoe akaleta jivu, tukazungushia matairi. Mvua ikalibeba.

"Jivu lako limeshindwa," nikamwambia.

"Wewe unawaandikia wakubwa wanakosa usingizi, leo unabishana na jivu?"

Tukaiweka miguu ya trela kwenye makopo ya oili chafu. Akapogoa matawi yaliyogusa paa, kwa mkono wake mwenyewe, akidai kwamba mimi nikishika panga sijui kuacha. Bado wakaja.

Asubuhi moja nikaacha vitabu, nikaketi nje na chai, nikawafuata kwa macho. Walikuwa wanashuka shinani, wanafika kwenye fundo, halafu wanatembea hewani kwa safu mpaka dirishani kwangu, wakipishana kama watu wa sokoni. Walikuwa wanapita kwenye kamba yako.

Ile uliyoifunga mwenyewe ya kuanikia kanga, kutoka ndoano ya dirisha hadi kwenye mkorosho. Nilikucheka siku ile, fundo juu ya fundo, nikakuuliza unafungia nguo au ng'ombe. "Nalifunga behewa lisiondoke," ukasema. Tangu umekwenda nimepaka rangi mlango, nimebadilisha turubai, lakini kamba sijaigusa. Mashati yangu nimekuwa nikiyaanika vichakani, na kibanio chako kimoja bado kinaning'inia pale.

Somoe alinikuta nimesimama chini ya kamba. Akatazama juu, akaelewa.

"Fundo la Mwanahawa hilo," akasema. "Hata mbuzi alikuwa anawafunga hivyohivyo. Siku ya kuchinja tunakata kamba." Akanigeukia. "Nikukatie?"

Nikasema hapana. Nilipanda kwenye stuli, nikalifungua mwenyewe, upande wa mti tu, maji moto wakinila mpaka mabegani. Gome lilikuwa limeshaanza kuimeza kamba. Nilitukana kwa Kiswahili na kwa Kimakonde kile kidogo ulichonifundisha, na Somoe akawa ananisahihisha matamshi kutoka chini. Niliogopa kwamba fundo likiachia nitahisi nakuzika tena. Liliachia, na nilichohisi ni mikono kuwasha.

Tulisimika nguzo mbali na mti, tukaipaka grisi. Fundo la dirishani sikuligusa. La nguzoni nimefunga mimi. Somoe alilitazama akasema litaachia kabla ya Ijumaa. Ijumaa zimepita.

Jana alikuja tena. Akaingia ndani, akanusa kila kona kama ofisa wa forodha, akafunua hata godoro. Hakuna dawa, hakuna mdudu. Akakaa kitandani, upande wako.

"Msimu huu utatusaidia kuokota korosho, shemeji," akasema. "Usije ukapanga safari zako za makongamano."

Nilitaka kubisha, kwa mazoea. Kisha nikakumbuka kwamba kwenu mgeni haambiwi hivyo.

Mkorosho umetoa maua, na maji moto wako kazini kwao juu. Nimeanika kanga yako ya zambarau, ile unayojua sitampa mtu. Behewa halijaondoka, Mwanahawa. Limefungwa, upande mmoja na wewe, upande mmoja na mimi.

Nakuombea dua, na nikishamaliza nakusimulia habari za siku.

Mumeo, mbishi yuleyule,
Baba Salma