Rais Aliyezifungia Meli Zake

Kangle, Guangzhou
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dalila mjukuu wangu,

Huna haya. Kutoka huko Xintang mpaka hapa kwangu ni treni ya chini ya ardhi tu, mtu anasinzia kidogo ameshafika, nawe mwaka wa pili huu hujanionesha uso. Hata paka wa laoban, yule bosi mwenye ghala letu, huja kuniangalia. Assalaam alaykum. U mzima? Kifua bado kinakusumbua kwa hilo vumbi la jinzi? Unakula, au unakunywa chai ukasema umekula? Mimi mzima, alhamdulillahi. Magoti tu yananigomea kwenye ngazi, nami nayagombeza.

Usiucheke mwandiko. Shule sikuijua, herufi nimezijulia kwenye marobota, kuandika majina ya wenye mizigo kwa kalamu nene isije ikachanganyika. Basi naandika makubwa makubwa na karatasi inakwisha upesi. Barua hii atakuletea Caro, yule Mkenya, anakuja huko Alhamisi kukagua suruali zake. Nimemwambia akikuona unaisoma huku unahesabu mzigo akunyang'anye.

Habari za huku ni Vedasto, mtu wa Bukoba anayesomea historia chuo kikuu. Jumapili huja kula kwangu, nami humwambia alipe kwa hadithi. Yeye anachunguza siasa za Amerika za miaka mia mbili nyuma, enzi ambazo meli zao zilikuja hapahapa Guangzhou kuchukua chai na hariri. Wiki iliyopita akatueleza habari za rais wao wa tatu. Waingereza na Wafaransa walikuwa vitani, na wote wawili wanazinyanyasa meli za Waamerika baharini. Rais akachukia, vita hataki, akaona awakomoe: akapiga marufuku meli za nchi yake mwenyewe kwenda ng'ambo. Nikamuuliza kama nimesikia sawa, kwamba mtu kaudhiwa na jirani akaenda kujifungia ndani na njaa yake. Akasema ndivyo, bibi. Mabaharia wakakaa bure, mizigo ikaoza gatini, wajanja wakavusha magendo mpaka wa kaskazini, na Mwingereza akaendelea na shughuli zake. Baada ya mwaka na miezi mitatu amri ikafutwa. Nikasema huyo rais alikosa mke wa kumwambia ukweli. Vedasto akajibu kwamba kweli, mkewe alikuwa amekufa zamani.

Hapo shoga yangu Muzdalifa, ninayechangia naye kontena la kupeleka mizigo ya watu nyumbani, akaweka sahani chini akasema yeye huyo rais anamjua. Anakaa Kangle, anavaa kanga, na leo kapika wali wa nazi.

Wallahi nilitaka kumtupia mwiko. Lakini alisema kweli, nawe unajua. Ule mwaka kontena letu lilipochelewa kujaa, suruali zako zikaikosa Idi, ukaja ghalani ukasema mbele za watu kwamba kontena la bibi linakwenda kwa magoti ya bibi. Watu wakacheka. Ukampa Japheth wa Mombasa, mshindani wangu wa makontena, mizigo yako. Nami nikatangaza kwamba asiyetaka ubaya nami asipakie robota la Dalila, asimpelekee habari, asiniletee zake. Nikadhani utarudi wiki mbili hazijaisha, unalia. Wewe ukanawiri! Wateja wangu wakakufuata mmoja mmoja, na kontena langu sasa hukaa wiki saba kujaa. Tena Muzdalifa palepale kwenye wali akafichua kwamba mizigo yako ya Unguja amekuwa akiipakia humuhumu kontenani mwetu kwa jina lake, na jina lenyewe nimeliandika mimi kwa mkono huu. Nilicheka, mwanangu. Ulinipata.

Kisha Vedasto akaongeza kisa. Wakati wa marufuku ile, Mchina mmoja alikuwa kakwama Amerika. Rais akaombwa amruhusu, kwa kuwa ni bwana mkubwa na babu yake kafariki, hana budi kurudi kwao kwa mazishi. Rais akalegea. Akairuhusu meli ya tajiri mmoja wa New York imlete hapa Guangzhou, na meli ikarudi imeshiba bidhaa. Matajiri wengine wakapiga kelele kwamba yule hakuwa bwana mkubwa wala nini, katumiwa tu. Kama huyo babu alikuwepo, Vedasto hajui. Wenzangu walicheka mpaka machozi. Mimi nikaenda jikoni nikafungua bomba la maji wasinisikie.

Dalila, hapa kaa chini. Nikiwa bado nimekupiga marufuku, nilikutumia habari kwamba babu yako Khalid alikwenda ghafla, asubuhi kaanguka, alasiri kazikwa. Si kweli. Aliumwa siku kumi na moja. Siku ya pili alitaka uitwe. Nikapigiwa simu huku, nikakata tiketi yangu peke yangu, na Muzdalifa nikamwambia ni homa tu, kwa hiyo usimlaumu. Kule Unguja babu yako alikuwa kaweka kiti cha plastiki ubavuni mwa kitanda, hataki mtu akikalie, hata mimi, anasema ni cha Dalila. Kila akiuliza, namjibu uko njiani. Nilimdanganya mtu anayekata roho, nisionekane nimeshindwa nawe. Yule rais na ukaidi wake wote, aliposikia babu wa mtu kafa, alifungua mlango. Kwangu babu alikuwa wa kweli, tena mume wangu, na sikufungua.

Sitasema shetani alinipitia. Hakunipitia yeyote, ni mimi.

Sikuandikii ili unisamehe upesi. Juzi Caro aliniambia unajilaumu kwamba wiki ile hukumpigia simu babu yako, na kwamba kafa amekuchukia. Hilo siwezi kuliacha. Hakukuchukia hata saa moja, Dalila. Alikuwa anakusubiri.

Muzdalifa anakusalimu, anasema sasa mizigo yako iandikwe jina lako mwenyewe, yeye amechoka kuwa tajiri wa uongo. Vedasto naye anakusalimu. Wasalimie mafundi wako wote, na ule kabla hujalala.

Mimi ni bibi yako, Sihaba. Ukija, usinibusu mkono. Simama mlangoni na viatu vyako, unigombeze mpaka umalize, na majirani wakifungua madirisha waache wasikie. Sitajibu neno. Ukishamaliza ndipo uvue viatu uingie.