Daktari Hakuyataja Magadi

Mama,

Baba amekula. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuitikia salamu. Amekula ugali na maharage, kaisafisha sahani, kanishukuru, kaenda zake kukagua mibuni. Mimi nimebaki hapa jikoni kwako, kwenye kigoda chako, na daftari la shule la Eliza mapajani. Nakuandikia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Nimemlisha kitu kinachomdhuru, Mama. Nimemlisha kwa mkono wangu, nikijua.

Tulipoanua tanga lako, kaka Joeli alivuka mpaka akarudi Nakonde kwenye biashara yake, mashangazi wakatawanyika, na macho yote yakanigeukia mimi. Rehema, mwanamke aliyeachika, mwenye genge la nyanya Tunduma na binti mmoja. Nani mwingine? Nililifunga genge, nikamhamisha Eliza shule, tukarudi Ihanda. Kanisani wananipongeza, wanasema nina moyo. Sina moyo wowote, sina pa kwenda tu. Nikikawia kisimani namkuta Baba amesimama njiani ananitafuta kwa macho. Nampenda, na nimemchoka, na ungekuwa hai ungenizaba kofi kwa kuandika hivyo.

Sasa nikueleze. Unakumbuka siku daktari alipokupa dawa za presha akakwambia uache chumvi? Jinsi ulivyotii! Tulipofika tu nyumbani ulichukua pakiti nzima ukampa jirani, kisha ukapika maharage hivi hivi, bila chumvi, bila chochote. Baba akaonja. Akaisukuma sahani kwa vidole viwili, taratibu, kama kawaida yake, bila ugomvi. "Mama Rehema, haya ni mawe." Ukacheka. Ukayarudisha jikoni, ukafungua lile kopo lako, ukatia magadi, ukaonja, ukaongeza tena, maana sasa yalitakiwa yafanye kazi yake na ya chumvi pia. Nikakuuliza, Mama, na presha? Ukanijibu ukiwa bado unakoroga: "Daktari kakataza chumvi. Magadi hajayataja." Tukacheka wote, hata Baba. Tuliona umemzidi daktari akili.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Maharage, majani ya maboga, bamia, hata dagaa wasiohitaji. Na aliyekuletea ni nani? Ni mimi. Kila Jumamosi nikitoka Tunduma nilikubebea fungu la magadi kwenye gazeti, kila mara kubwa kuliko la wiki iliyopita, na nikajisifu kwamba nimekuchagulia yale ya mabonge, mazuri. Ulikuwa ukiyapokea unanibariki. Halafu ukaanguka kwenye mibuni na kikapu mkononi, mdomo umekwenda upande, na siku ya tatu hukuwepo. Watu walisema mengi. Wapo waliotaja majirani na wivu wa shamba. Baba hakumtaja mtu, alisema Mungu ametwaa.

Mwezi uliopita kichwa kilianza kumuuma Baba. Anakifunga kitambaa, anasema ni jua. Miguu yake ikivimba anasema ni viatu. Kwa kila ugonjwa ana jina la kitu kingine, unamjua. Nikamkokota mpaka zahanati. Ni presha, Mama, ile ile yako. Yeye akatoka kukaa kwenye benchi nje, nesi akabaki ananiuliza anakula nini. Nikamjibu kwa madaha kwamba kwetu sisi chumvi tuliiacha zamani.

"Na magadi je?"

Nikasema magadi tunatia, ndiyo. Akaweka kalamu chini. "Dada yangu, magadi na chumvi ni ndugu. Umemfukuza mwizi mlangoni, ukamfungulia dirisha."

Nilimshukuru. Fikiria, nilimshukuru! Nikatoka nikamshika Baba mkono, na njia nzima alinisimulia habari za mbolea, mimi nikiitikia eeh, eeh, huku nayaona yale mafungu ya gazeti, moja baada ya jingine, jinsi ulivyokuwa ukiyapokea kwa mikono miwili.

Siku hiyo nilipika bila magadi. Vidole viwili, Mama. Akaisukuma sahani pale pale mahali pake. Nikamwambia nesi amekataza. Hakukasirika, na ni afadhali angekasirika. Alisema, "Mama yako alikula magadi maisha yake yote, na hakufa kwa magadi." Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limefika hapa kooni. Lakini ningelitoa lote, angeikumbuka ile sahani ya kwanza, na angejua ulirudi jikoni kwa ajili ya nani. Nikalimeza.

Siku mbili alikula ugali mkavu na chai. Siku ya tatu akaniambia, sauti imekwisha kabisa, "Yeye ameondoka. Sasa mnataka kuniondolea na mkono wake?" Nikafungua kopo. Nikatia. Akala akifumba macho, akasema, "Sasa nimemsikia." Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka kuku wakanishangaa. Tangu hapo natia kila siku. Napunguza kidogo, anagundua, narudisha. Nikiacha magadi namnyima chakula na namnyima wewe. Nikiendelea nakuletea mwenzio huko uliko kabla ya wakati wake.

Ningeendelea hivyo, nakuambia kweli. Mazoea yana taabu, na mimi si shujaa. Aliyenitoa huko ni Eliza.

Juzi nilichelewa mtoni na nguo, akaamua kunisaidia kupika. Ana miaka tisa. Mwalimu wake ananiita kila mara, kwamba hesabu hazimwingii, anasinzia, anasahau leo alichofundishwa jana. Basi nilisimama mlangoni na beseni langu kichwani, nikamwona anafungua kopo bila hata kulitazama, vidole vitatu, anatia, anaonja kwenye kiganja, anatikisa kichwa, anatia tena. Hakuna aliyemfundisha. Hilo lilimwingia lenyewe kwa kututazama tu, wewe na mimi, na halisahau. Nilitua beseni, nikalipiga lile kopo likaruka mpaka mlangoni. Mtoto akalia, akaniuliza amekosa nini. Hajakosa kitu. Amefanya tunavyofanya nyumbani.

Nikaokota yale mabonge moja moja. Na leo nimeyatia tena kwenye maharage ya Baba. Ndiyo, baada ya yote hayo. Nilisimama juu ya chungu nikajiambia sitii, na mkono ulikuwa umeshatia. Ndipo nikaogopa kweli, nikachukua daftari.

Nikuahidi hivi, Mama. Kesho asubuhi, kabla hajachukua jembe, nitaketi naye. Nitamwambia yote aliyosema nesi, na nitamwambia ninavyoamini mimi, kwamba magadi ndiyo yaliyokuangusha. Kopo nitalitupa chooni mbele yake, Eliza akiona. Akisusa kula, nitapika tena, na tena, hata mwezi mzima, kwa limau, kwa nyanya, kwa karanga, mpaka ulimi wake uchoke kunikatalia. Akiuliza ni nani aliyekuwa akikupa mengi hivyo, nitasema mimi ndiye niliyekuwa nikiyaleta kutoka Tunduma. Si uongo.

Habari ya sahani aliyoisukuma sitaigusa. Huenda akaikumbuka mwenyewe siku moja akiwa shambani, hilo siwezi kulizuia, lakini hataisikia kwangu wala kwa mwingine. Hiyo tunaijua wewe na mimi, na wewe husemi tena neno. Nisamehe kwa mafungu yale. Nilikuwa nakupenda kwa kadiri ya akili niliyokuwa nayo.

Pumzika, Mama. Ninamsikia anakohoa njiani, anarudi. Kesho atakapojua ni binti yake aliyekuwa akiyabeba, anaweza asinitazame usoni kwa muda mrefu. Na anichukie, bora anichukie akiwa hai.

Mwanao,
Rehema