Wairimu Atabaki Kwayani

Dundori, Jumapili

Hasira haijaniisha, lakini nina furaha. Wairimu, msichana wa kwaya yetu, ana mimba. Mamake alipomfukuza alikuja kwangu akilia, akasema anafikiria kuitoa. Tuliomba pamoja, tukaongea sana, akaamua kumzaa mtoto.

Leo baada ya ibada wazee wa kanisa walitaka kumtoa kwayani. Nikasimama.

"Kila mara tunahubiri kwamba mtoto aliye tumboni ni wa Mungu," nikawaambia. "Huyu ametusikia, halafu tunamfukuza? Msichana mwingine akipata shida atakuja kwetu kweli?"

Kisha pasta akasema, "Mama Njeri, umesema ukweli. Tukitaka kutoa mimba kukome, kanisa lianze kuwashika hawa wasichana mkono. Wairimu atabaki kwayani."

Wazee wawili walitoka bila kunisalimia. Na mamake Wairimu bado hashiki simu. Kama hatakuja hata mtoto akizaliwa...

Jioni Wairimu alikula viazi, akaongeza. Halafu akaniuliza, "Mama, mtoto akilia usiku hutachoka?"

"Nitachoka," nikamwambia, "lakini nitaamka."

Akacheka, mara ya kwanza tangu aje hapa kwangu.