Marando ya Mama

Kawangware,
4 Machi 1984

Dada Nasipwondi,

Salamu nyingi kwako na watoto. Mimi ni mzima. Nakuandikia kwa sababu siwezi kuja. Kazini hatupumziki hata Jumapili, mitungi ya baridi lazima ijazwe.

Shangazi Nasambu anasema huko nyumbani viazi vitamu vya marehemu Mama vimekauka vyote. Vimebaki vile ulivyopanda hapo Lindi, Kibera, kando ya mto. Nitumie marando yake ya kupanda. Daktari Githinji wa maabara yetu anakata ncha za marando, ndogo kama punje ya mtama, anazigandisha ndani ya naitrojeni ya maji, baridi inayoshinda barafu yote. Anasema zikikaa humo, mbegu haipotei hata mvua ikikosa miaka kumi.

Ndugu yako,
Lusweti

Lindi, Kibera,
11 Machi 1984

Ndugu yangu Lusweti,

Tuko salama, ila kifua cha mtoto Musimbi bado kinamsumbua. Nimempa Khamala marando akuletee, nimeyafunga kwa gunia lililoloweshwa. Sielewi mmea unaishije kwa baridi hiyo, lakini wewe ndiye uko huko. Yatunze.

Dada yako,
Nasipwondi

Lindi,
2 Septemba 1984

Ndugu yangu,

U mzima? Umenyamaza sana. Hapa unga hakuna. Tunapanga foleni ya mahindi ya manjano, yanaisha kabla hatujafika. Mwezi wa nane tulichimba viazi vyote. Halafu nikapika majani, nikang'oa na mashina yenyewe. Sikuumia sana, nilijua mbegu iko kwako. Mvua ikinyesha niletee, nimpelekee na shangazi.

Dada yako,
Nasipwondi

Kawangware,
18 Novemba 1984

Dada,

Natumai mko wazima. Mvua imenyesha mwezi mzima na sikukuandikia.

Lori la naitrojeni lilikosa kuja siku tisa. Nilienda kuomba kwa watu wa kupandisha ng'ombe, ambao nao huitumia kugandisha mbegu za fahali, wakanipa kidogo, haikutosha. Tulipofungua mitungi, ncha zote zilikuwa nyeusi, laini. Daktari akasema, "Lusweti, mwaga." Nikamwaga mimi mwenyewe.

Hiyo ilikuwa Juni. Nilitaka nije nichukue mengine kwako kabla hujajua. Nikaona aibu, siku zikapita. Nisamehe.

Ndugu yako,
Lusweti

Lindi,
25 Novemba 1984

Lusweti,

Barua nimeisoma. Shangazi anaulizia mbegu kila wiki, mwandikie wewe.

Nimepanda marando niliyopewa na Mumbi wa Mashimoni. Viazi vyake ni vya maji tu, lakini watoto watakula.

Mwezi huo wa Juni marando yangu yalikuwa bado shambani, mistari mitatu. Ungeniambia, hata shina moja ningeacha.

Nasipwondi